Kipupwe kimeingia: kichanga apashwe joto kwa ngozi ya mama, si kwa jiko la mkaa

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuseme na wazazi, na wauguzi wenzetu, na wasimamizi wa vituo vya afya vya Arusha na Moshi kuhusu baridi na watoto wachanga. Kuanzia Juni hadi Agosti usiku wa Arusha hushuka chini ya nyuzi joto 15, na huko juu, Kibosho, Marangu, Siha, au ukipanda Meru kutokea Ngaramtoni, kuna alfajiri ambazo mtu mzima mwenye koti anatetemeka. Mtoto aliyezaliwa saa 9 usiku kwenye chumba chenye dirisha lisilofunga hatetemeki. Mwili wake haujaweza kufanya hivyo. Anapoa kimya, na wengi waliomzunguka wanadhani amelala vizuri.

Tumboni mtoto huishi katika joto linaloupita kidogo lile la mwili wa mama yake. Akitoka amelowa maji ya uzazi, na maji yale yanapokauka juu ya ngozi yanaondoka na joto lake. Asipokaushwa na kufunikwa, joto la mwili wake laweza kushuka nyuzi 2 hadi 4 ndani ya dakika 10 hadi 20 za kwanza. Kichwa chake ni kama sehemu moja ya tano ya eneo la mwili mzima, kwa hiyo kichwa kikiachwa wazi joto nalo linapotea kwa kasi. Akiba aliyonayo ya kujipasha ni mafuta maalumu yaliyoko katikati ya mabega, shingoni na kuzunguka figo, na mafuta hayo hujengwa zaidi miezi mitatu ya mwisho ya mimba. Mtoto njiti amezaliwa kabla hajayaweka. Ili kuyachoma mafuta hayo mwili unatumia oksijeni na sukari. Sukari ya damu ikishuka mtoto anakosa nguvu ya kunyonya, asiponyonya sukari inazidi kushuka, na baridi inazidi kumwingia. Ndiyo maana mtoto aliyezaliwa analia vizuri jioni anaweza kukutwa asubuhi amelegea, anapumua kwa shida, na watu wakatafuta sababu mbali ilhali ilikuwa dirishani.

Joto la kawaida la kichanga likipimwa kwapani ni kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Kati ya 36.0 na 36.4 baridi imeanza kumsumbua na anatakiwa apashwe saa ile ile. Kuanzia 35.9 kushuka hadi 32.0 hali ni ya hatari, na chini ya 32.0 maisha yake yako ukingoni. Hapa tuwaambie wauguzi wenzetu jambo linalosahaulika sana: kile kipimajoto cha kioo tulichozoea huanzia nyuzi 35. Mtoto wa nyuzi 33 ukimpima kwa kipimajoto hicho, zebaki haipandi, nawe utaandika 35 kwenye faili. Wodi ya wazazi inahitaji kipimajoto kinachosoma chini zaidi ya hapo. Kama hakipo, mguso wa mkono unasaidia. Shika tumbo, kisha nyayo. Vyote vikiwa na joto, mtoto yuko sawa. Tumbo lina joto na nyayo za baridi, baridi imeanza. Tumbo na nyayo vyote vya baridi, huyo ni mgonjwa na ahudumiwe kama mgonjwa. Mama anaweza kufanya hivyo mwenyewe nyumbani, hata usiku gizani, bila kifaa chochote.

Kazi yenyewe huanza kabla mtoto hajatoka. Chumba cha kujifungulia kiwe na nyuzi 25 hadi 28, madirisha yamefungwa, feni imezimwa. Mkunga akiona joto kwa sababu ya kofia na gauni lake, hicho si kipimo cha kufungulia dirisha. Mama aje na kanga au vitenge vya pamba visivyopungua vinne, na viwe vimefuliwa mara kadhaa. Kanga mpya ina wanga wa kiwandani na hainyonyi maji. Unampangusa mtoto nayo, unadhani umemkausha, kumbe umeyasambaza maji tu. Tunawaomba mama wakwe na mawifi wanaoandaa begi la kujifungulia walijue hili, kwa maana mara nyingi ndio wanaonunua zile doti mpya za kupendeza. Zinunuliwe, ila zifuliwe kwanza.

Mtoto akitoka, apanguswe mwili mzima mara moja kwa kitambaa cha kwanza, kuanzia kichwani, mgongoni, kifuani, hadi miguuni. Kile kitambaa kilicholowa kitupwe pembeni. Kosa tunaloliona mara nyingi kupita yote ni mtoto kukaushwa vizuri kisha akafungwa kwenye kitambaa kile kile kilicholowa. Kisha alazwe kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, avishwe kofia, na wafunikwe wote wawili kwa kitambaa cha pili kilicho kikavu. Kitovu kisikatwe kwa haraka: dakika 1 hadi 3 zinatosha damu ya kondo kumfikia, na muda huo wote yuko kifuani anapata joto. Asiyepumua baada ya kupanguswa ndiye anayekatwa kitovu mapema na kupelekwa kwenye meza ya kumsaidia kupumua, na meza hiyo iwe imeshapashwa joto na kutandikwa kitambaa kikavu kabla mama hajaanza kusukuma.

Hapo kifuani akae angalau saa 1 bila kusumbuliwa. Uzito, sindano ya vitamini K na dawa ya macho vinaweza kusubiri mpaka amenyonya mara ya kwanza. Mizani ya bati ni baridi mno mwezi wa Julai. Tandika kitambaa, rudisha mizani kwenye sifuri, ndipo umweke mtoto. Katika saa 2 za kwanza mkunga apite kila dakika 15, amwangalie mtoto rangi, pumzi na joto, na wakati huo huo amshike mama tumbo kuona kama mji wa mimba umekaza na aangalie damu. Pedi ikilowa chapa ndani ya dakika 5, hiyo ni dharura. Tunayataja haya pamoja kwa kuwa kifua cha mama ni mahali salama pa mtoto pale tu mama mwenyewe yuko macho na ana hali nzuri. Mama aliyechoka sana au aliyepewa dawa ya usingizi asiachwe peke yake na mtoto kifuani. Ndugu akae kando, pua ya mtoto ionekane wakati wote.

Mama akijifungua kwa upasuaji, mara nyingi mtoto hufungwa kwenye blanketi na kukabidhiwa kwa ndugu kwenye korido. Korido ni mahali pa baridi kuliko vyote hospitalini. Kama mama hajaweza kumpokea, baba afungue vifungo vya shati ampokee. Ngozi ya baba ina joto lile lile. Tumesikia wanaume wakisema hiyo ni kazi ya wanawake, na tunawasihi waache msemo huo. Mtoto haulizi kifua ni cha nani.

Sasa kuhusu kuoga. Bado tunaona watoto wakiogeshwa ndani ya saa moja ya kuzaliwa kwa sababu wana damu na ule utando mweupe unaonata. Damu ipanguswe. Utando uachwe, unalinda ngozi na kuzuia maji yasipotee. Shirika la Afya Duniani linaelekeza mtoto asiogeshwe mpaka yapite saa 24, na pale ambapo mila inabana sana, asiogeshwe kabla ya saa 6. Siku ya kuoga ikifika, iwe mchana jua limetoka, mlango umefungwa, maji yamejaribiwa kwa kiwiko cha mkono na si kwa kiganja, kwa kuwa kiganja cha mama wa kazi kimezoea moto. Aoge haraka, aanze kukaushwa kichwa. Njiti asubiri mpaka wauguzi waseme joto lake limetulia.

Watu wengi wanatuambia, "mbona amefunikwa blanketi tatu?" Blanketi halina joto lake lenyewe. Linatunza joto lililopo. Ukilifunga kwa mtoto aliyekwisha kupoa, unaitunza ile baridi. Apashwe kwanza kwa ngozi ya mtu, kisha blanketi lije juu. Tena kumfunga mtoto kama mzigo, mikono na miguu imenyooshwa na kukazwa, kunamzuia kujikunja, na kujikunja ni njia yake ya kupunguza kupoteza joto. Kipimo kizuri ni nguo moja au mbili zaidi ya zile anazovaa mtu mzima ili asione baridi, pamoja na kofia na soksi. Mchana jua likiwaka zipunguzwe, kwani akizidi nyuzi 37.5 kwa nguo nyingi naye anaumia, na tutashindwa kujua kama ni nguo au ni homa.

Tunafika kwa watoto njiti na wale waliozaliwa na uzito chini ya kilo 2.5, na hapa tunaomba uvumilivu wa wasomaji kwa sababu ndipo maisha mengi yanapookolewa au kupotea. Njia ya kangaruu, yaani kumbeba mtoto kifuani ngozi kwa ngozi kwa saa nyingi, ilianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, daktari Edgar Rey Sanabria alipokabiliwa na wodi yenye watoto wengi na mashine chache. Kwa miaka mingi ilionekana kama huduma ya wasio na mashine. Mwaka 2021 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa Tanzania kwa watoto wa kilo 1.0 hadi chini ya 1.8. Kundi moja lilianza kangaruu mara tu baada ya kuzaliwa, lingine lilisubiri mtoto atulie kwanza kwenye mashine ya joto. Vifo ndani ya siku 28 vilikuwa asilimia 12.0 kwa walioanza mapema na asilimia 15.7 kwa waliosubiri, na utafiti ukasimamishwa kabla ya muda wake kwa kuwa faida ilikuwa imeonekana wazi. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likaelekeza kangaruu ianze mapema iwezekanavyo, saa 8 hadi 24 kwa siku.

Namna ya kumweka ni hii. Mama awe kifua wazi, mtoto awe na nepi, kofia na soksi tu. Anasimamishwa wima katikati ya maziwa, kifua kwa kifua, kichwa kimegeuzwa upande mmoja na kuinuliwa kidogo. Kidevu kikiangukia kifuani njia ya hewa inaziba, na hili ndilo kosa la kuogopwa kuliko yote. Kikiinuliwa kupita kiasi napo hewa inabana. Miguu ikunjwe na kutanuka kama ya chura, mikono nayo ikunjwe. Kanga ifungwe kwa nguvu kiasi kwamba mama akisimama mtoto hatelezi, ukingo wake wa juu uishie chini ya sikio la mtoto, na mkazo wa kanga uwe usawa wa kifua chake, usiwe tumboni, maana mtoto anapumua kwa tumbo. Juu yake mama avae shati au sweta la kufungua mbele. Akilala, alale nusu ameketi, mito miwili au mitatu mgongoni, asilale chali kabisa. Mapacha wote wawili wanaenea kifuani. Mama akienda kuoga au kula, bibi au baba anapokea, na kila anayepokea awe amenawa mikono, asiwe na mafua wala kikohozi.

Maziwa yanatakiwa kila baada ya saa 2 au 3, usiku na mchana. Aliyezaliwa kabla ya wiki 34 mara nyingi hajaweza kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio, hivyo mama anakamua na mtoto analishwa kwa mrija au kikombe kidogo. Siku ya kwanza kawaida huanzia mililita 60 kwa kila kilo. Mtoto wa kilo 1.6 atahitaji mililita 96 kwa siku, na akilishwa kila saa 2 ni mililita 8 kwa mlo, kidogo kiasi cha kumshangaza mama anayedhani maziwa yake hayatoshi. Kiasi hicho huongezwa kila siku kwa maelekezo ya muuguzi. Njiti kupungua uzito hadi asilimia 10 siku za mwanzo ni kawaida. Anatarajiwa kuurudia uzito wa kuzaliwa ndani ya wiki 2 hivi, na baada ya hapo aongeze kama gramu 15 kwa kila kilo kwa siku. Asipoongeza, ulizia joto lake na saa za kangaruu kabla ya kulaumu maziwa ya mama. Nyumbani kangaruu inaendelea mpaka afike kilo 2.5 hivi, au mpaka mwenyewe aanze kujinyonganyonga kutaka kutoka.

Wachaga wana desturi ya kumweka mzazi ndani miezi kama mitatu, anakula mtori na kupumzika, hachoti maji wala hakati majani ya ng'ombe. Kwa mama wa njiti hiyo ni hazina kubwa. Muda anao, chakula anacho, wasaidizi wapo. Kinachopungua ni kumwambia bibi kwamba mahali pa mtoto katika miezi hiyo ni kifuani, na si kwenye kitanda cha peke yake kando ya moto.

Na moto wenyewe, Mhariri, tunaomba jambo hili ulipe nafasi ya wazi. Jiko la mkaa lisiingizwe chumbani kwa mzazi. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo inachukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Wengi huliwasha jiko nje, wakangoja moshi uishe, wakaliingiza ndani makaa yamekuwa mekundu wakiamini sasa ni salama. Makaa mekundu yasiyo na moshi bado yanatoa hewa hiyo, na usiku wa baridi ndipo milango na madirisha vimefungwa. Mama na mtoto wanalala wasiamke. Chupa za maji ya moto pembeni ya mtoto nazo tunazikataa. Ngozi ya kichanga inaungua kwa joto ambalo mkono wa mtu mzima hausikii kama moto.

Safari ya kurudi nyumbani ina hatari yake. Mtoto wa siku moja kwenye bodaboda saa 12 asubuhi kutoka mjini hadi Old Moshi anapigwa na upepo njia nzima. Kwanza asiruhusiwe kabla ya saa 24. Akiruhusiwa, aondoke jua limeshapanda, kwa bajaji yenye mapazia, kifodi au gari, akiwa amefungwa kifuani kwa mama ndani ya nguo. Vivyo hivyo kwa mtoto anayepewa rufaa kwenda hospitali za Mawenzi, KCMC au Mount Meru: asafiri ngozi kwa ngozi na mama au ndugu, kichwa kimefunikwa, muuguzi akimwangalia pumzi. Mtoto aliyefungwa blanketi mikononi mwa muuguzi mara nyingi hufika amepoa, na wenzetu wa huko huanza kupambana na baridi kabla ya ugonjwa uliomleta. Njiti wa chini ya wiki 32 anayezaliwa kituoni atiwe kwenye mfuko safi wa plastiki hadi shingoni bila kukaushwa mwili, kichwa kikaushwe na kuvishwa kofia. Mfuko usifunike uso kamwe.

Tuongeze kwamba mtoto mwenye maambukizi mara nyingi hupoa badala ya kuwa na homa. Mtoto aliyepashwa ngozi kwa ngozi kwa saa 1 na bado yuko chini ya nyuzi 35.5, au amegoma kunyonya, amelegea, anapumua zaidi ya mara 60 kwa dakika, kifua kinabonyea ndani, amepata degedege, au viganja na nyayo vimekuwa vya njano, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Asingojewe mahudhurio ya siku ya 3 hadi ya 7.

Kwa wasimamizi wa vituo na halmashauri tunayo maombi ya vitu vidogo. Kipimajoto cha ukutani katika chumba cha kujifungulia, ili nyuzi 25 zionekane na zisikisiwe. Kipimajoto cha mtoto kinachosoma chini ya 35. Vioo vya dirisha vilivyovunjika virudishwe kabla ya Juni, si Septemba. Kofia na soksi za akiba kwa mama aliyekuja mikono mitupu. Kiti cha kuegemea au vitanda viwili vinavyoinuka kichwani kwa ajili ya kangaruu, na ruhusa kwa ndugu mmoja kukaa na mama wa njiti usiku. Fedha siku hizi zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na kamati ya kituo ina wananchi ndani yake. Tunawaomba wajumbe wa kamati hizo, katika kikao kijacho, waingie wodi ya wazazi saa 11 alfajiri, wasimame dakika kumi karibu na dirisha, ndipo wakae kupanga matumizi.

Wauguzi wakunga,
Moshi